Nani Amebeba Taa?
Jumamosi usiku nilifia pangoni, risasi ninazo tele, giza totoro. Mchezo ni Deep Rock Galactic wa Ghost Ship Games ya Denmark, uliotoka rasmi mwaka 2020: vibeti wanne wanachimba madini kwenye sayari iliyojaa wadudu wakali. Sote wanne tulikuwa tumechagua mpiga bunduki nzito, kila mmoja akisifia mtutu wake. Hakuna aliyechagua skauti, na skauti ndiye mwenye bunduki ya mwanga inayomulika pango zima, tena ana kamba ya ndoano ya kumvuta hadi juu ukutani. Ila akifika hana pa kusimama, anaporomoka. Fundi akifyatua povu likaganda na kuwa kibaraza chini ya jiwe lenye madini ya nitra, skauti anatua, anagonga sururu, nitra imepatikana. Nitra 80 ndizo zinazoita shehena ya risasi, na shehena ina mafungu manne tu, kwa hiyo yule anayejibebea mawili mfululizo (tunamjua, hata salamu hatoi) amekula la mwenzake. Halafu unakuta watu wanabishana kutwa nzima silaha ipi inaua haraka! Mimi siku hizi nachukua fundi, kazi isiyo na sifa. Jana mchimbaji wetu alitoboa njia moja kwa moja kuelekea chombo cha kuondokea, tukatimua mbio, tukakuta korongo mbele yetu, na mdogo wangu akawa anapiga kelele masikioni mwangu: "Kaka, kibaraza! Weka kibaraza!"