Tenisi Juu ya Vumbi la Tofali

Wachoma matofali wa upande wa Kisumu wanalijua vizuri lile vumbi jekundu libakialo tanuri likisha kubomolewa, ambalo hakuna mnunuzi alitakaye. Huenda wengine hawajui kwamba vumbi la namna hiyo, likisagwa na kuchekechwa, ndilo litandazwalo juu ya viwanja vya tenisi viitwavyo vya udongo. Jina hilo si sahihi sana. Chini huwekwa mawe na kokoto, kisha chokaa iliyopondwa, na juu kabisa unga wa tofali; katika viwanja vya Roland Garros mjini Paris unga huo una unene wa milimita 2 hivi tu.

Mpira ukianguka hapo hupunguza mbio na kuruka juu, hivyo mwenye nguvu peke yake hapati ushindi wa haraka. Hushinda mwenye pumzi na subira. Tena mpira huacha alama, na kwa desturi mwamuzi hushuka kitini akaitazame. Lakini kiwanja hicho kina kazi nyingi kama ng'ombe wa maziwa. Hunyunyiziwa maji, hufagiwa, husawazishwa kwa rola. Mvua kubwa, kama ile ya alasiri itokayo ziwani, huweza kuuchukua unga wote.

Kazi hiyo ina faida, maana mchezaji wa kulipwa hupanda daraja kwa pointi, nazo hupatikana katika mashindano yanayotambuliwa tu. Kijana wa Nyanza akizifuata Ulaya, nauli na malazi humla kabla hajapiga mpira wa kwanza. Paul Wekesa wa Kenya alifika nafasi ya 100 duniani mwaka 1995, lakini wa kumfuata wamekuwa haba.

Ng'ambo ya Ziwa, Rwanda ilijaribu dawa. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2024, Kigali iliandaa mashindano ya Challenger majuma mawili mfululizo, juu ya udongo, na mshindi wa kila juma alipata pointi 50. Juma la kwanza alishinda Kamil Majchrzak wa Poland, aliyekuwa akianza upya kupanda baada ya kukaa nje ya mchezo. Julai 2025 alifika raundi ya nne huko Wimbledon.

Kigali iko juu ya mita 1,500, na hewa nyepesi huuharakisha mpira. Kisumu, penye mita 1,130 hivi, ungetulia zaidi. Matofali yapo na maji yapo; wenye viwanja wangepaswa kufikiria mishahara ya wafagiaji, hata kwa miezi isiyo na mashindano.