Mheshimiwa Waziri, na wa HKL naye ni mtoto wa mkulima

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,
Nakala: Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu



Mheshimiwa, mimi ni mwalimu wa historia katika sekondari hapa Simiyu. Nakuandikia kwa ajili ya vijana wanaomaliza kidato cha sita kwa tahasusi za sanaa na lugha, yaani HGL, HGK na HKL, wakachaguliwa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino (SAUT) kule Malimbe, Mwanza, au vyuo vingine vya binafsi, kisha wakakwama kwenye ada. Ombi langu ni moja: mkopo ufuate uhitaji wa familia na juhudi ya mwanafunzi, usifuate jina la kozi.

Kwa miaka sasa miongozo ya mikopo imetanguliza sayansi, afya, uhandisi na ualimu wa sayansi, huku kozi za sanaa na lugha zikibaki nyuma. Mwaka 2022 ulikuja Ufadhili wa Samia. Ni jambo jema sana, lakini nao umeelekezwa kwa waliong'ara katika sayansi. Aliyepata daraja la kwanza kwa Historia, Kiswahili na Kiingereza hana mlango wa namna hiyo wa kubisha hodi.

Huku kwetu jambo hili ni zito. Simiyu ni mkoa wa pamba, na mzazi hushika fedha ya maana mara moja kwa mwaka, anapouza pamba yake kwenye chama cha ushirika (AMCOS), tena kama mvua na bei vimemkubalia. Pita steshenari za mjini Bariadi dirisha la mikopo likifunguliwa. Utamkuta mzazi kwenye benchi na bahasha ya kaki mapajani, ndani mna cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na wakala wa usajili, RITA, picha za pasipoti na fomu yenye muhuri wa serikali ya kijiji. Kozi ipi iko kundi lipi la kipaumbele hajui. Anachojua ni kwamba mwanawe amefaulu. Na ng'ombe akipelekwa mnadani, bei yake ni ileile, mtoto awe anakwenda kusoma udaktari au fasihi.

Sisemi sayansi ipunguziwe. Zahanati zetu zinahitaji waganga na shule zetu zinahitaji walimu wa fizikia. Najua pia inasemwa kwamba wahitimu wa sanaa hawana ajira. Ajira ni ngumu kwa wote, na hata wauguzi na walimu wa sayansi wapo mtaani wakisubiri. Mkopo wenyewe si sadaka: aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka deni liishe, awe mhandisi au mwandishi wa habari.

Mheshimiwa, mkoa huu unajua faida ya watu wa maneno na kumbukumbu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani ya wanunuzi. Wakaweka wapimaji wao, watu wa kusoma mizani na kuandika uzito palepale mbele ya mnunuzi. Vikazaliwa vyama vya msingi, mwanaushirika Paul Bomani na wenzake wakaviunganisha, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika vya Victoria. Pamba ilikuwepo siku zote, na mizani pia. Kilichokuwa kimepungua ni watu wa kuhoji, kuandika katiba na kusimama na hoja mbele ya serikali ya kikoloni.

Leo tunawahitaji tena. Usukumani vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa. Polisi watamkamata muuaji, lakini imani iliyomtuma itabaki kijijini. Anayeweza kuigusa ni kijana anayekijua Kisukuma, aliyesomea sosholojia, sheria au uandishi wa habari, ambaye wazee watakubali kukaa naye. SAUT inafundisha fani hizo. Mizizi yake ni taasisi ya mafunzo ya jamii iliyoanzishwa Nyegezi mwaka 1960, kabla hata ya Uhuru.

Wizara yako yenyewe, kwa mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024, imetaka watoto wetu wasome Historia ya Tanzania na Maadili. Tumeipokea kwa furaha. Lakini haiwezekani somo liwe la lazima kwa mtoto, halafu anayejiandaa kulifundisha awe wa mwisho kwenye foleni ya mkopo.

Kwa hiyo ombi langu hilo nalifafanua kwa mambo matatu. Mwongozo ujao wa mikopo umpime mwombaji kwa hali ya familia yake na ufaulu wake, kozi isimshushe. Ufadhili wa Samia utenge nafasi, hata chache kwa kila mkoa, kwa waliofanya vizuri zaidi katika sanaa na lugha. Na mwanafunzi wa chuo cha binafsi asihesabiwe kuwa wa familia yenye uwezo kwa sababu tu ya chuo alichopangiwa.

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, nitaulizwa tena na wanafunzi wangu kama wathubutu kuomba kozi wanayoipenda. Naomba uamuzi wako uniwezeshe kuwajibu ndiyo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu wa historia, Bariadi, Simiyu