Mafuta ya Juba na Nyumba za Nairobi



Tumeulizwa mara kwa mara kwa nini jarida la mageuzi la hapa Ngong lijishughulishe na Sudan Kusini, hali Kajiado yenyewe ina mambo tele ya kuandikwa: mashamba ya jamii yaliyokatwa vipande na kuuzwa, maji, ukame. Jibu letu li karibu. Jumapili ijayo, mtazame aliyeketi kando yako kanisani. Ngong, Rongai na Kitengela zina jamaa nyingi za Sudan Kusini, na watoto wao wasoma darasa moja na wetu. Tena nchi yao ilianza kuandikwa hapa jirani: Itifaki ya Machakos ilitiwa saini Julai 2002, mkataba wa kugawana mapato ya mafuta ukafungwa Naivasha Januari 2004, na amani yenyewe ikatiwa sahihi Nairobi tarehe 9 Januari 2005.

Basi na tuseme wazi. Sudan Kusini ilipopata uhuru tarehe 9 Julai 2011, mafuta ndiyo yaliyoleta takriban asilimia 98 ya mapato ya serikali. Serikali isiyoishi kwa kodi ya wananchi haina haja kubwa ya kuwasikiliza. Haiombi ruhusa ya mkulima wala ya mama muuza mboga, maana hundi yake yatoka kwa mnunuzi wa mafuta ghafi aliye ng'ambo. Hapo ndipo ugonjwa ulipoanzia, kabla hata ya risasi ya kwanza.

Isitoshe, mafuta yenyewe hayana mlango wa kwao. Yapita katika mabomba ya Sudan hadi Port Sudan. Januari 2012 Juba iligombana na Khartoum juu ya ada ya kupitisha, ikafunga visima vyake vyote, na nchi changa ikakaa zaidi ya mwaka mmoja bila pato. Machi mwaka huohuo Rais Kibaki, Rais Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walikuwa wamesimama pamoja Lamu kuzindua mradi wa bandari, reli na bomba la kuja pwani yetu. Gati zilijengwa, bomba la Juba halikuja. Februari 2024, vita vya Sudan vikiendelea, mojawapo ya mabomba yale ya kaskazini lilipasuka, na mafuta mengi ya nchi yakakwama kwa karibu mwaka mzima. Waalimu, wauguzi na askari wakakaa miezi mingi bila mshahara.

Wapo wasemao kwamba bomba ndilo lililoiangamiza nchi. Sisi hatukubali. Bomba lilikuwa likifanya kazi Desemba 2013 vita vilipozuka kati ya watu wa Rais Kiir na watu wa Dkt. Riek Machar, vita ambavyo watafiti walikadiria mwaka 2018 kuwa vilikuwa vimesababisha vifo vya watu wapatao 380,000. Lilikuwa likifanya kazi pia kwa sehemu kubwa ya miaka ya 2021 hadi 2024, wakati wa mpango wa kubadilisha mafuta kwa barabara. Tume ya Umoja wa Mataifa ya haki za binadamu ilieleza Septemba 2025 kwamba dola zipatazo bilioni 1.7 za mpango huo hazikujulikana zilikokwenda. Mafuta yakitiririka, fedha hupotea. Yakikauka, mwananchi hulala njaa. Kwa mtu wa kawaida wa Bentiu tofauti iko wapi?

Na huyo wa Bentiu hajaulizwa. Alipiga kura Aprili 2010, akapiga tena Januari 2011 kuchagua uhuru, na wenzake walio Kenya wakapiga hapa. Tangu hapo uchaguzi mkuu umeahirishwa mara kadhaa. Septemba 2024 ulisukumwa tena mbele, hadi Desemba 2026. Papa Francis alipiga magoti Vatikani Aprili 2019 akawabusu miguu viongozi wao, akawafuata Juba Februari 2023 pamoja na Askofu Mkuu Welby wa Canterbury na kiongozi wa kanisa la Skotilandi. Machi 2025 Dkt. Machar aliwekwa kizuizini nyumbani kwake, na Septemba akashtakiwa kwa uhaini na mauaji, mashtaka ambayo chama chake kimeyakataa.

Sasa twafika penye kutuhusu sisi. Septemba 2016 shirika la The Sentry lilichapisha ripoti kuhusu majumba ya kifahari Nairobi, likiyahusisha na jamaa za viongozi wa pande zote mbili za vita. Pande zilizokuwa zikiuana kule, jamaa zao walikuwa majirani huku! Kenya ina sheria ya 2009 dhidi ya utakatishaji wa fedha za uhalifu; hata hivyo Februari 2024 tuliwekwa katika orodha ya kimataifa ya nchi zinazofuatiliwa kwa ulegevu katika jambo hilo. Serikali iliyowakaribisha wapatanishi Nairobi Mei 2024 yaweza pia kuuliza ni nani anunuaye nyumba, na kwa fedha ipi.

Wala tusijidhani wateule. Mafuta yaligunduliwa Turkana Machi 2012, na shehena yetu ya kwanza, mapipa 200,000, iliondoka Mombasa Agosti 2019. Sheria ya mwaka huo yaigawia kaunti asilimia 20 na jamii ya mahali asilimia 5. Sehemu hiyo ndogo ilipiganiwa, na wananchi wa Turkana waliwahi kuyasimamisha malori barabarani mwaka 2018. Nasi wa Kajiado, ambao reli ya magadi imetupitia kwa zaidi ya miaka mia, twajua maana ya kuutazama utajiri ukienda.

Twawaomba wasomaji mambo mawili. Mwandikieni mbunge wenu, mkimtaka aulize Bungeni ni mali ngapi za viongozi wa kigeni zimechunguzwa chini ya sheria ile ya 2009, na matokeo ni yapi. Na katika vikundi vya jumuiya, muulizeni jirani wa Sudan Kusini kama karo ya muhula imelipwa. Wengi hawatasema wasipoulizwa.