Nafuu ya Kodi ya Filamu na Mvuvi wa Lamu

Kila panapozungumzwa uchumi wa Lamu hujitokeza kauli ileile, kwamba serikali ikiwapunguzia kodi watengenezaji filamu wa kigeni, visiwa vitajaa kamera na vijana watapata kazi. Na kwa kuwa hutamkwa na wenye vyeo, wachache huthubutu kuihoji. Ushahidi wao haubadiliki: The Ghost and the Darkness (1996), kisa cha simba wa Tsavo, na Eye in the Sky (2015), yenye kisa cha Nairobi, zilipigwa Afrika Kusini badala ya Kenya. Iwe hivyo, lakini Tsavo si Shela, wala Nairobi si Pate.

Nafuu inayoombwa zaidi ni marejesho, yaani mpango ambao serikali humrudishia mtengenezaji asilimia fulani ya gharama alizotumia nchini, baada ya kuonyesha stakabadhi. Anayerudishiwa, basi, ni yule aliyekuwa na fedha tangu mwanzo. Huku Lamu, vifaa vya filamu vikishushwa Mokowe, upande wa bara, huvushwa kwa boti, kisha hubebwa na punda katika vichochoro vya mji wa kale ambamo gari halipiti. Nahodha na mwenye punda hulipwa mkononi, hawarudishiwi kitu, na kijana wa Siyu mwenye hadithi yake hana mamilioni ya kutanguliza. Anayerudishiwa ni mwenye fedha, hata hesabu hiyo ipambwe vipi kwa lugha ya makongamano.

Wapo wanaojibu kwamba watazamaji wa Ulaya wakiliona jahazi kwenye skrini watafunga virago waje, kana kwamba Lamu, iliyoingizwa na UNESCO katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, ilikuwa ikingoja kugunduliwa na Hollywood, na kana kwamba kilichowatisha wageni baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 kilikuwa uhaba wa filamu.

Serikali hiyohiyo inayoombwa kuwapunguzia wageni kodi, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, ilipandisha kutoka asilimia 8 hadi 16 kodi ya ongezeko la thamani ya mafuta, yaani kodi inayojumlishwa katika bei anayolipa mnunuzi, na mvuvi anayejaza petroli katika mashine ya boti yake aliilipa bila kuitiwa kongamano. Wala hadithi za Lamu hazingoji wageni kuzisimulia: filamu ya Subira (2018) ya Ravneet Chadha, kuhusu msichana wa Lamu anayetamani kuogelea baharini, iliteuliwa kuiwakilisha Kenya katika kinyang'anyiro cha Oscar. Hazina ikiwa na fedha za kugawa, basi iwatangulizie wasimulizi wa namna hiyo kabla kamera haijawashwa, badala ya kumfuata mgeni na marejesho akiwa amekwisha kuondoka.