Kumsoma Mpinzani Kuanzie Liboi

Agosti 2025, kwenye michuano ya CHAN, Harambee Stars wa Kenya waliifunga Morocco 1-0 uwanjani Kasarani, kipindi chote cha pili wakiwa kumi. Wengi waliita bahati. Lakini kumi hawahimili kishindo kama hicho bila kujua hatari inatokea wapi. Kisha Madagascar wakatutoa robo fainali kwa penalti 4-3 baada ya sare ya 1-1. Hapo ndipo upelelezi hulipa waziwazi: mpigaji ana upande anaoupenda, na kipa aliyemtazama kwenye video huujua kabla mpira haujawekwa chini.

AFCON 2027 tunaiandaa pamoja na Tanzania na Uganda, na kazi hii ya kumsoma mpinzani tumewaachia wasaidizi wa kocha wa Harambee Stars, Benni McCarthy. Haitoshi. Kijana wa Liboi, mpakani na Somalia, afundishwe mapema kutazama beki gani hachezi kwa mguu wa kushoto, nani huchelewa kurudi. Watasema Liboi inahitaji maji kwanza, na uwanja wenyewe ni mchanga. Kweli, ila somo hili halisubiri nyasi. Simu moja ya kurekodia na kocha mwenye subira vinatosha kuanzia. Wengine hudai soka ni moyo. Madagascar nao walikuwa nao.