Usikubali fundi atupe vile vibati vya breki

Ukipita gereji za Grogan jijini Nairobi, hebu angalia chini pale magari yanapobadilishiwa pedi za breki. Kwenye lile vumbi jeusi utaona vibati vyembamba vya chuma, vingine vimejikunja kama pini ya nywele. Vimetupwa. Ukiuliza, utaambiwa, “Hizo hazina kazi, boss. Gari itashika tu.”

Mimi nasema zina kazi, tena kubwa, na wewe kijana mwenye gari kuukuu ndiye unayepaswa kuwa wa kwanza kuzitetea.

Tuseme ukweli, wengi wetu tunaanzia kwa mtumba. Kenya huruhusu kuingiza gari lisilozidi umri wa miaka 8, lakini hiyo Vitz au Demio uliyouziwa na mtu aliyeuziwa na mwingine huenda sasa imepita miaka 15. Imeshabadilishwa pedi mara kadhaa. Nani ajuaye vibati vyake vya kiwandani viliachwa gereji gani?

Breki ya diski si pedi pekee. Ukikanyaga, mafuta ya breki husukuma pistoni ndani ya kalipa, na pedi mbili huibana diski kutoka pande zote mbili. Ukiachilia, pedi zinafaa kulegea kidogo ili diski izunguke huru. Hapo ndipo klipu zinapoingia. Masikio ya pedi hukaa juu yake na kuteleza kama mlango kwenye reli. Springi huzuia pedi kuchezacheza. Kibati cha mgongoni mwa pedi nacho hupunguza mtetemo unaoleta ule mlio wa kukera masikio.

Sasa ondoa hivyo vyote. Kwanza utasikia ko-ko-ko kila ukipita kwenye mashimo, nawe utaongeza sauti ya redio. Kelele ndiyo shida ndogo. Pedi ikikaa juu ya chuma kitupu, kutu na uchafu huibana, hasa kule Mombasa ambako hewa ya chumvi haina huruma. Pedi iliyokwama hairudi. Inasugua diski mchana kutwa, inakula mafuta, inapasha breki moto, na inaisha upande mmoja huku mwenzake ikiwa bado nene. Wewe utalaumu duka kwamba lilikuuzia pedi feki. Siku utakayoteremka kutoka Limuru kwenda Mai Mahiu ukiwa umebeba marafiki wanne, breki zilizokwisha kuchemka kabla ya mteremko si kitu cha kubahatisha nacho. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Lakini lawama zote tusimtupie fundi. Ni sisi tunaomwambia, “Fanya chap chap, nina haraka.” Ni sisi tunaobishana naye kuhusu pesa za kazi hadi anabaki na nafasi ya kufungua nati, kuchomeka pedi na kufunga. Kazi nzuri inataka muda, na muda una bei. Ukilipa kazi ya dakika kumi, utapata kazi ya dakika kumi.

Kwa hivyo ukienda kununua pedi, beba namba ya chesisi na uulize kama zinakuja na klipu zake. Kama haziji, nunua klipu kando, kwani si kila gari hutumia za aina moja. Kisha usiende kunywa chai. Simama hapo uone. Pedi zibadilishwe magurudumu yote mawili ya ekseli moja, la sivyo gari litavuta upande ukifunga breki. Pale klipu zinapokaa pasuguliwe kwa brashi ya waya hadi kutu itoke. Pini ambazo kalipa hutelezea zitolewe, zisafishwe na zipakwe grisi ya breki inayostahimili joto. Grisi kidogo pia kwenye masikio ya pedi, lakini kamwe isiguse uso unaokutana na diski. Na ukiona fundi anasaga masikio ya pedi kwa sababu haziingii, mwambie asimamishe kazi. Ama kutu haijatolewa, ama pedi si za gari lako.

Kama wewe ni wa kujifanyia mwenyewe nyumbani, sawa, ila usiingize mikono chini ya gari lililoshikiliwa na jeki tu. Weka stendi. Ukimaliza, kanyaga pedali mara kadhaa hadi iwe ngumu kabla ya kutia gia, maana mikanyago ya kwanza huzama hadi chini. Halafu tafuta barabara tulivu, ufunge breki taratibu mara kadhaa ukiziacha zipoe, ili pedi mpya zizoeane na diski.

Tunatumia pesa kwa rimu za kung'aa, tinti na spika za kutikisa mtaa mzima, kisha tunaona uchungu kulipia klipu kwa sababu hakuna atakayeziona. Haidhuru. Abiria wako, na yule mtoto anayevuka barabara bila kuangalia, hawahitaji kuziona. Wanahitaji ziwepo.