KABIDHI WASII SI MRITHI

Katika Tanzania lipo jina moja la cheo cha Serikali ambalo wananchi wengi hulisikia kwa hofu, nalo ni Kabidhi Wasii Mkuu. Mjane akiambiwa apeleke huko habari za mali ya marehemu mumewe, hudhani mali hiyo inakwenda kumezwa.

Hofu hiyo haikuzuka bure, kwani neno lenyewe lina sura mbili. Asili yake katika Kiarabu ni kushika, kufumba mkono juu ya kitu. Waswahili wakalichukua, na mtu mwenye mkono wa birika wakamwita kabidhi, yaani bahili. Lakini Waswahili hao hao wakasema kukabidhi, na maana yake ni kumtia mwenzio kitu mkononi. Basi neno lile lile laufumba mkono na kuufumbua. Sisi twaona kazi yote ya cheo hiki imo humo: kuishika kwa ubahili mali isiyo yako, kisha kumpa mwenyewe yote. Wasii naye ni yule aliyeachiwa na marehemu kuutimiza wasia wake. Waislamu wajua jinsi Sura ya Nisaa inavyomwonya alaye mali ya yatima, na kwamba siku ya kumrudishia yatakiwa mashahidi.

Cheo hicho tangu mwaka 2006 kimo katika Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA. Lakini yatima wengi mali yao huwapotea papo hapo nyumbani, mikononi mwa kabidhi wasii mdogo: baba mdogo aliyependekezwa na kikao cha ukoo, mahakama ikampa barua ya usimamizi wa mirathi. Akiisha kuipata, huanza kusema “nyumba yangu”, “shamba langu”. Barua ile haikumrithisha hata shubiri moja ya ardhi! Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, yamtaka msimamizi apeleke mahakamani orodha ya mali katika miezi 6, na hesabu katika mwaka 1. Watoto wakiiuliza hesabu hiyo, huambiwa hawana adabu.

Twawaomba mahakimu, siku ya kutoa barua, wamweleze msimamizi maana ya kazi yake mbele ya mjane na watoto, na tarehe ya kuleta hesabu waitaje kwa sauti, wote waisikie.